Kamera ya zamani chini ya droni: uchambuzi wa picha za mashamba ya mwani Kibuyuni

Mpwa wangu anaishi Ukunda. Ana droni ya Phantom ya kwanza kabisa, ile ambayo DJI waliitoa mwaka 2013, na chini yake amefunga kamera ndogo ya Xiaomi Yi ya mwaka 2015. Vyote viwili alivinunua mtumba, kwa pesa alizokusanya kidogo kidogo. Alichokuwa anatafuta ni picha moja tu: mashamba ya mwani ya Kibuyuni, kule kusini mwa Kwale, pwani ya Kenya, yakionekana kutoka juu siku ya bamvua, maji yamekupwa na kamba zote ziko wazi juu ya mchanga. Alichopata ni kamba zilizojikunja kama nyoka, majani yenye ukungu, na picha kadhaa ambazo sehemu yake kubwa imekuwa nyeupe kwa mng'aro wa jua. Alikuja kwangu na memori kadi mkononi na uamuzi ameshaukata.

"Mjomba, kamera hii wakati wake umepita. Naiuza, na droni naiuza, nianze kuweka pesa za nyingine."

"Usiuze kwanza," nilimwambia. "Niachie picha zote. Zile mbovu ndizo ninazozitaka zaidi."

Naueleza mkasa huu kwa urefu kwa sababu nimeona vijana wengi wanaopenda picha za angani wakifika kwenye uamuzi huo huo kabla ya kujua kilichoharibu picha zao. Picha mbovu ina ushahidi ndani yake. Mtetemo una alama yake, fokasi iliyohama ina alama yake, lenzi pana ina yake, mwanga una yake. Alama hizo zikichanganyika kwenye picha moja, macho huona kitu kimoja tu, "kamera mbaya", na pesa huenda mahali pasipostahili.

Tuanze na vifaa vyenyewe. Xiaomi Yi ilipotoka China Machi 2015 iliuzwa yuani 399. Wakati huo kamera ya GoPro ya bei ya chini kabisa, ile Hero ya mwaka 2014, ilikuwa kama dola 130 za Marekani, maradufu ya bei hiyo. Ndani ya Yi kuna kihisi cha Sony, yaani kipande kinachopokea mwanga wa picha, chenye megapikseli 16, lenzi pana ya digrii 155, tundu la mwanga la f/2.8 lisilobadilika, na uzito wake wote na betri ni gramu 72. Skrini haina, GPS haina, na hakuna chochote ndani yake kinachotuliza mtikisiko. Kwa macho ya leo ni kifaa cha kizamani. Ila kihisi chake ni cha ukubwa uitwao inchi 1/2.3, ukubwa ule ule uliotumika kwenye Phantom 3 na hata kwenye Mavic Pro ya mwaka 2016, droni ambazo watu wamepigia picha nzuri mno. Kwa hiyo tangu mwanzo sikuamini kwamba kihisi ndicho chenye lawama.

Nilipiga hesabu ndogo ili nijue kamera hii inapaswa kutoa nini. Kila pikseli ya kihisi chake ina upana wa mikromita 1.34, na umbali wa fokasi wa lenzi ni milimita 2.7 hivi. Ukiipandisha mita 30, kila pikseli katikati ya picha inafunika sentimita moja na nusu ya ardhi. Kamba ya mwani yenyewe ni nyembamba kuliko hapo, lakini ikiwa na mafungu ya mwani yaliyoning'inia kila baada ya hatua ndogo, inafika upana unaoonekana vizuri. Fungu la mwani, kigingi, mtumbwi, ndoo, mtu aliyeinama, vyote vinapaswa kuonekana wazi. Kwenye picha za mpwa wangu, fungu la mwani halikutofautiana na kivuli chake. Kulikuwa na pengo kubwa kati ya kile kamera inachoweza na kile kilichotoka, na pengo hilo ndilo la kulitafutia sababu.

Mashamba ya mwani yana faida moja ambayo mpiga picha wa mji au msitu haipati: yamejaa mistari iliyonyooka. Vigingi vimechomekwa mchangani, kamba zimevutwa kutoka kigingi hadi kigingi, safu baada ya safu. Kamba iliyokazwa haina sababu ya kupinda, na ikipinda kwenye picha unajua mara moja kwamba kosa liko kwa mpigaji au kwenye chombo chake.

Picha ya kwanza niliyoikuza kwenye kompyuta ilikuwa na safu za kamba zilizokwenda juu na chini ya fremu, na nyingine chache za pembeni zilizokwenda kushoto na kulia. Zile za juu na chini zilikuwa na mawimbi madogo madogo yaliyojirudia kwa mpangilio, matatu au manne kutoka ukingo hadi ukingo. Zile za kushoto na kulia zilikuwa hazina mawimbi hayo, isipokuwa nafasi kati ya kamba na kamba ilikuwa haifanani, mara zimebanana, mara zimeachana. Tofauti hiyo ndogo ilieleza karibu kila kitu.

Kamera za namna hii hazisomi picha nzima kwa mpigo mmoja. Kihisi kinasomwa mstari kwa mstari, kuanzia juu kwenda chini, na kazi hiyo inachukua muda. Kamera ikitetemeka wakati huo, mstari wa juu unakuwa umesomwa kamera ikiwa imeelekea kushoto kidogo, wa chini yake ikiwa imerudi kulia, na hivyo hivyo hadi mwisho. Kamba inayokatiza mistari yote inatoka na mawimbi. Kamba inayokwenda sambamba na mistari inasomwa karibu yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo inabaki imenyooka ila inasogezwa mahali pake. Lenzi mbovu haiwezi kufanya hivyo, fokasi haiwezi, upepo pia hauwezi. Ukiona kamba za upande mmoja zina mawimbi na za upande mwingine hazina, huo ni mtetemo.

Mpwa wangu alikuwa na pingamizi la maana. Alifungua taarifa za picha na kunionyesha kwamba ilipigwa kwa 1/2000 ya sekunde. "Mjomba, kwa kasi hiyo mtetemo gani utaonekana?" Kasi hiyo ni ya kila mstari peke yake. Kila mstari ulipata mwanga kwa muda mfupi sana, ndiyo maana mawimbi yalikuwa makali, hayana ukungu wa mwendo. Ila kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho ulipita muda mrefu zaidi. Tuseme ni 1/30 ya sekunde. Mota inayozunguka mara 6,000 kwa dakika ni sawa na mara 100 kwa sekunde, na ndani ya 1/30 itakuwa imezunguka mara tatu na kidogo. Mawimbi matatu na kitu ndiyo hasa tuliyoyahesabu kwenye kamba. Mtetemo ulikuwa unatoka kwenye mota au mapanga yake, mzunguko kwa mzunguko.

Hapa niseme jambo ambalo nimeona likipotosha watu. Wapiga video hushauriana kufunga kichujio cheusi mbele ya lenzi ili kupunguza mawimbi haya. Kwa video ni ushauri mzuri, kwa sababu kichujio kinairefusha shata, yaani muda wa kupokea mwanga, mawimbi yanayeyuka na kuwa ukungu mdogo ambao macho hayaujali picha zikipita haraka. Kwa picha za mnato ushauri huo unaharibu. Picha utaitazama muda mrefu, utaikuza, utaichapa, na ukungu huo utauona. Anayepiga picha za mnato kwa kamera ya zamani aiache shata iwe fupi kadiri mwanga unavyoruhusu, halafu aumalize mtetemo kwenye chanzo chake.

Chanzo kilikuwa na sehemu mbili. Panga moja lilikuwa limemeguka kwenye ncha, kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Ukilipitisha kidole ulihisi. Panga lenye ncha iliyomeguka lina uzito usiolingana pande mbili, na likizunguka linaitikisa droni nzima kila mzunguko. Hilo tulilitupa, maana panga lililomeguka halitengenezwi. Hayo mengine tuliyapima kwa njia ya zamani: msumari mwembamba ulionyooka unapita kwenye tundu la katikati, unalazwa juu ya kingo za glasi mbili zilizosimama sawa, unatazama upande gani unashuka. Upande mwepesi unabandikwa kipande cha selotepu kwa juu, unapima tena, unapunguza kwa mkasi hadi panga litulie popote utakapoliacha. Ni kazi ya subira isiyogharimu chochote, na sijui kitu kingine kinachoboresha picha za droni kuliko hicho.

Sehemu ya pili ilikuwa kishikio. Kamera ilikuwa imefungwa kwenye plastiki ngumu iliyokazwa moja kwa moja kwenye mwili wa droni. Mpwa wangu alishajua hiyo ni tabu, na alikuwa amejaribu bamba la mipira, yaani vibamba viwili vilivyotenganishwa na vijipira vinne vya raba. Picha zikazidi kuwa mbaya, akarudisha plastiki. Jambo hilo lilimkatisha tamaa, na kwa haki kabisa, kwa sababu kila mtu alimwambia raba inatuliza mtetemo.

Raba inatuliza mtetemo pale tu uzito ulioning'inia juu yake unapolingana nayo. Kila kitu kilichoning'inizwa kwenye raba kina kasi yake ya asili ya kucheza. Mtetemo wa mota ukiwa na kasi kubwa zaidi ya hiyo kwa mbali, kamera inabaki imetulia huku droni ikitikisika juu yake. Kasi hizo mbili zikikaribiana, raba inauchukua mtetemo na kuuzidisha. Vijipira vile vilikuwa vigumu, vya kubeba gimbali nzima (kishikio chenye mota kinachoituliza kamera) na kamera yake, uzito mkubwa kuliko gramu 72. Chini ya kamera nyepesi namna ile vilikuwa karibu sawa na springi iliyokazwa, na kasi yake ya asili ilipanda hadi ikakaribia ya mota.

Dawa yake inakwenda kinyume na kile mrushaji wa droni anachofikiria siku zote, yaani kupunguza uzito. Tulibadilisha vijipira tukaweka laini zaidi, kisha kwenye bamba la chini, lile linaloshika kamera, tukafunga wosha chache za chuma. Uzito ukiongezeka mara nne, kasi ya asili inashuka kwa nusu. Hatukuhitaji kufika huko, na Phantom ile isingebeba. Wosha zile zilitosha kuisogeza kasi ya asili mbali na mota, na tulilipia kwa kupoteza muda kidogo wa kuruka. Vijipira tulivifunga pia kwa uzi wa nailoni uliolegea, ili kimoja kikichomoka kamera isianguke. Mwisho tukahakikisha waya wala kifuniko hakigusi bamba la chini, kwa sababu mguso mmoja unatosha kuupitisha mtetemo wote.

Jaribio lilifanyika ufukweni, mbali na watu. Tulivuta kamba mchangani, droni ikaelea juu yake, kamera ikapiga. Kamba ilitoka imenyooka.

Lakini bado ilikuwa na ukungu, na hapo ndipo utamu wa kuchambua makosa moja moja unapoonekana. Mawimbi yalipoondoka, kosa la pili lilibaki peke yake na likasomeka. Ukungu ulikuwa sawa katikati na pembeni, sawa kwenye kila picha, bila kuelekea upande wowote. Tuliiweka kamera juu ya ukuta, droni ikiwa imezimwa kabisa. Tukapiga gazeti lililo karibu, kisha minazi iliyo mbali. Herufi za gazeti zilikuwa kali. Makuti ya minazi yalikuwa yameungana kama rangi iliyomwagikiwa maji.

Kamera hizi zina fokasi isiyobadilika. Lenzi inazungushwa kwenye hesi yake mara moja, inawekwa gundi, basi. Kwa lenzi fupi kama hii, ukiilenga umbali wa mita moja hivi, kila kitu kuanzia nusu mita hadi upeo wa macho kinatoka kikali. Hii ilikuwa imelengwa karibu mno. Mtu aliyeimiliki kabla aliwahi kuifungua. Alama za bisibisi zilionekana kwenye ukingo wa kifuniko cha mbele. Kutoka fokasi ya sentimita 30 hadi ya mbali kabisa, lenzi inasogea kama mikromita 25 tu, chini ya unene wa unywele wa watu wengi. Ndiyo maana mtu anaweza kuihamisha bila kujua, na ndiyo maana kuirudisha kunataka mkono uliotulia. Tulimpelekea fundi wa simu, aliyezoea vitu vidogo. Alilainisha gundi kwa hewa ya moto ya kadiri, akageuza lenzi kidogo sana, tukapiga minazi, tukaikuza kwenye kompyuta, akageuza tena. Makuti yalipoanza kuhesabika alitia tone la gundi mpya.

Kuhusu mawasiliano nitapita haraka, ingawa ndiyo sehemu yenye hatari ya kweli. Rimoti ya Phantom ya kwanza inafanya kazi kwenye gigahezi 2.4, na waifai ya Yi iko hapo hapo. Waifai ya kamera izimwe kabla droni haijapaa, bila kubishana. Taa ya buluu ya pembeni ikiwa inawaka, usiruke. Pia kamera yenyewe, hata bila waifai, hutoa kelele za umeme zinazoweza kuifunika ishara dhaifu ya GPS. Kipimo chake ni rahisi: weka droni mahali pa wazi, subiri taa ya nyuma iache kumweka nyekundu, yaani setilaiti zimetosha, kisha washa kamera na uendelee kutazama. Nyekundu ikirudi, hamisha kamera au weka karatasi ya alumini kati yake na droni. Kwetu haikurudi.

Kisha ikaja bahari yenyewe. Pwani hii maji ya bamvua hukupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Huwezi kuiambia bahari ikupwe saa moja wakati mwanga ni laini. Mwezi Machi, saa nne, jua huku limeshapanda digrii hamsini na kitu, na sehemu yote ya shamba yenye maji ya kifundo inakuwa kioo. Kwa kamera inayotazama chini moja kwa moja, mng'aro wa jua unaangukia kama digrii 36 kutoka katikati ya picha, upande wa jua. Lenzi nyembamba ingeweza kuukwepa. Lenzi ya digrii 155 haiwezi kabisa, kwa kuwa inaona zaidi ya hapo pande zote.

Suluhisho lilikuwa kuukubali mng'aro uwepo na kuchagua mahali utakapoangukia. Tuliamua mapema kwamba tutatumia asilimia 60 tu ya katikati ya kila picha. Uamuzi huo ulikuwa wa lazima hata bila jua, kwa sababu pembe za lenzi hii zinavuta vitu na kuvififisha, na kamba zinapinda kama upinde kadiri zinavyokwenda ukingoni. Upindaji huo si wa mtetemo: ni laini, uko vile vile kwenye kila picha, na programu inaunyoosha kwa hesabu. Baada ya kukata hivyo, picha inaona digrii 39 kila upande kwa urefu wake na digrii 29 tu kwa ufupi wake. Kwa hiyo droni ikielekezwa jua liwe upande wa juu wa fremu, mng'aro wa digrii 36 unabaki nje ya sehemu tunayoitumia. Jua likiwa upande wa kushoto au kulia, mng'aro unaingia ndani. Mpwa wangu alichora mchoro wa jambo hilo kwa kidole kwenye mchanga kabla ya kupaa, na nilifurahi sana kuona ameelewa kiasi cha kuueleza mwenyewe.

Mwangaza nao ulitaka kufungwa. Yi ikiachwa ijiamulie, ikiona mchanga mweupe inatia giza, ikiona maji ya kina inaangaza, na picha zikija kuunganishwa zinakuwa viraka. Kwenye menyu zake huwezi kuchagua kasi ya shata. Wapenzi wa kamera hii waligundua zamani kwamba ikiwashwa inasoma faili moja la maandishi kwenye memori kadi, liitwalo autoexec.ash, na kupitia faili hilo unaweza kuifungia ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) na shata. Kwa jua la mchana, kanuni ya zamani ya wapiga picha inatosha kukuanzisha: kwa ISO 100 na f/16 shata ni 1/100, basi kwa f/2.8 ni kama 1/3200. Tulianzia hapo, tukapunguza kidogo ili mchanga usiungue.

Kabla ya siku yenyewe kulikuwa na ruhusa. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinataka droni isajiliwe na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, isipande zaidi ya futi 400 kutoka ardhini na isiondoke machoni pa mrushaji. Mita 30 ni chini sana ya kikomo hicho. Tulibaki juu ya mashamba ya ufukweni, mbali na hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, ambayo ina utaratibu wake. Zaidi ya hayo, shamba lina wenyewe. Wanawake wanaolima mwani hutoka na maji na kurudi na maji, na kupigwa picha ukiwa umeinama kazini, nguo zimelowa, si jambo la kufanyiwa bila kuulizwa. Tuliwaamkia, tukaeleza, tukaonyesha picha za majaribio.

"Isituangukie tu, mwanangu," mama mmoja alimwambia mpwa wangu.

"Haitapita juu yenu, mama. Mkimaliza upande huu ndipo nitaupiga."

Ndivyo alivyofanya. Alirusha safu kwa safu, akifuata nyuma yao, mwendo wa mita tatu kwa sekunde, kamera ikipiga yenyewe kila baada ya sekunde mbili. Kati ya picha na picha ni mita sita, na sehemu ya katikati tunayoitumia inafunika zaidi ya mita 30 kwa upande wake mfupi, kwa hiyo kila kigingi kilionekana kwenye picha kadhaa. Mwendo wa polepole ulikuwa na sababu: droni ikienda mita tano kwa sekunde, wakati kihisi kinasomwa kwa 1/30 ya sekunde inakuwa imesogea sentimita 17, na shamba zima linalala upande. Betri za zamani ziliruhusu safu chache tu kila mruko, kisha kushuka na kubadilisha. Betri za seli tatu za mAh 2200 bado zinapatikana kwa sababu ndege nyingi za mchezo zinazitumia, na hilo pekee limeifanya droni ile iendelee kuishi.

Picha ziliunganishwa kwa OpenDroneMap, programu ya bure inayokubali lenzi pana za namna hii ukiiambia mapema. Kwa kuwa kamera haina GPS, programu haikujua ukubwa wa eneo. Tulipima kwa utepe umbali kati ya vigingi kadhaa na kuvitumia kama alama. Maji yaliyokuwa yakitembea kwenye mkondo mmoja yaliishinda programu na kuacha doa lililochanganyika, maana mawimbi hayafanani kati ya picha na picha. Sehemu nyingine zote ziliungana. Mafungu ya mwani yanaonekana moja moja. Kamba zilizokatika zinaonekana, na nafasi zilizoachwa tupu pia.

Kuna watu watakaosema kwamba bila gimbali picha za droni si picha. Kwa video, na kwa picha za mshazari zinazoonyesha upeo wa bahari, nakubaliana nao. Kwa picha za kutazama chini mchana kweupe, sikubaliani. Zanzibar ilipoanza kupigwa ramani kwa droni mwaka 2016, kazi hiyo ilifanywa na eBee, ndege ndogo za mabawa zilizobeba kamera ndogo zilizotazama chini bila gimbali, na visiwa vikapigwa picha. Mwanga mwingi na shata fupi vinafanya sehemu kubwa ya kazi ya gimbali, mradi mtetemo umeshughulikiwa.

Mipaka ya kamera hii iko palepale. Jioni na alfajiri inatoa chenga nyingi, na rangi za mwani zinakufa. Kupanga fremu ni kukisia, kwa sababu waifai imezimwa na huoni kinachopigwa hadi droni itue. Faili zake za kawaida zimebanwa sana, na kwenye mchanga wenye chembechembe ndogo ubanaji huo unaonekana ukikuza. Hewa ya chumvi nayo haina huruma: kila baada ya kuruka lenzi inafutwa kwa kitambaa chenye maji safi, mota zinapanguswa, na betri ya kamera inakaguliwa kama imevimba.

Pesa ambazo mpwa wangu alitaka kuanza kuziweka kwa droni nyingine, sehemu yake ilinunua seti mbili za mapanga, vijipira laini vya akiba na betri moja mpya. Picha kubwa imechapwa nakala mbili, moja yake imepelekwa Kibuyuni. Kwa bamvua lijalo anataka kushuka hadi mita 20, ambako kila pikseli itafunika sentimita moja, aone kama anaweza kutofautisha mwani mchanga na uliokomaa kwa rangi yake.